Kadi ya Ami Msabah

Radhiya wa Mpendae akishakazania jambo, bora umpishe njia. Miaka kumi na miwili alipiga lipu ya chokaa kwenye nyumba za Mji Mkongwe kwa leseni ya Haroub, mkandarasi ambaye hata mwiko hajui kuushika. Mwaka huu akasema basi. Akahangaika mpaka akapata leseni yake mwenyewe, na kazi yake ya kwanza, nyumba ya ghorofa tatu Shangani. Sharti ni kila fundi wake awe na kadi ya ufundi, ile ya kufanyiwa mtihani, kufikia Alhamisi.

Wote walikuwa nazo, isipokuwa Ami Msabah, ndugu wa baba yake, aliyemfundisha kazi tangu hajajua hata kuchanganya chokaa.

"Niache mie," alisema mzee. "Uzee huu nikapimwe na watoto?"

"Mimi nshapimwa na watoto hao hao, Ami, na sikupungua kitu. Bila wewe sifanyi kazi ile. Leseni yenyewe nnairudisha."

Hakuwa akitania, na mzee alimjua. Jumatatu wakaenda kwenye mtihani. Msimamizi akampa mzee ndoo ya chokaa na kipande cha ukuta. Mzee akatia kidole, akakunja uso, akauweka mwiko chini.

"Hii mbichi, haijalala majini. Nkiipiga leo, kesho itafura ibanduke. Siipigi."

"Asiyepiga ameshindwa, mzee," msimamizi akasema, kalamu mkononi.

Radhiya alitaka kulia kwa hasira. Si apige tu, ukuta wenyewe wa majaribio! Lakini angemwambiaje hivyo mtu aliyemchapa mkono kwa kosa lilo hilo?

"Andika na sababu," alimwambia msimamizi. "Kesho tunarudi, na chokaa tunakuja nayo."

Kweli walirudi, na pipa la chokaa iliyolala miezi mitatu. Mzee akapiga lipu. Msimamizi aliupapasa ukuta ule, akaupapasa tena, kisha akatia saini.

Alhamisi, mlangoni Shangani, mlinzi akasoma orodha kwa sauti: "Msabah, fundi chokaa. Mwajiri wake, Radhiya."

Radhiya aliona haya, akainamisha uso. Mzee akamtazama, akajitwika ndoo yake.

"Haya, tajiri," akasema, "nioneshe ukuta wangu."