Dawati la Seleina

Saa mbili asubuhi Mwalimu Edda anaandika swali ubaoni, kisha anageuka ghafla. Macho yanakwenda moja kwa moja kwenye dawati lililotengwa ukutani. Seleina, msichana wa darasa la sita, ameshaweka kalamu chini.

"Bado ninamchunga," Edda anasema bila kuficha. "Jicho langu limeshazoea kumshuku."

Katika shule hii ya msingi ya kata ya Maisaka, mjini Babati, Edda anafundisha hisabati darasa la wanafunzi themanini na wanne. Hawezi kumfuata kila mmoja, hivyo anategemea njia, yaani hatua zinazoonyesha mtoto alivyofikia jibu. Seleina alikuwa akiandika jibu tupu, bila njia, na kila mara lilikuwa sahihi.

Edda akaamini anaibia, akamtenga. Majibu yakaendelea kuja. Akahisi kuna anayemvujishia mitihani, akaanza kutunga maswali papo hapo. Wapi, majibu yakabaki sahihi. Mwalimu mkuu msaidizi, Theodori, akataka binti asimamishwe masomo, na baba yake akaitwa.

Baba huyo, Tajeu, mfugaji aliyehamia Nangara kutoka Simanjiro, naye alifika na shaka zake. Alisomewa maswali ya daftarini, akawageukia walimu.

"Mnamhesabisha ng'ombe?"

Ndivyo ilivyokuwa. Edda alitunga maswali yote ya ng'ombe makusudi, ili watoto wa wafugaji wasijione wageni darasani.

"Kwetu sisi ng'ombe hahesabiwi, mwalimu. Ni mkosi. Unaangalia zizi, unajua nani hajarudi. Kama shule inaniletea mkosi, mtoto anarudi Simanjiro."

"Nilidhani anamkingia mwanawe kifua," anasema Edda. Hata hivyo alifuta ng'ombe ubaoni, akaandika magunia ya maharage. Seleina akajaza ukurasa mzima kwa njia, nyingine Edda hakuwahi kuzifundisha.

Na yale ya ng'ombe aliyapataje?

"Jibu ninaliona tu," anasema Seleina. "Nikiandika njia nitakuwa nimewahesabu."

Mwandishi wa makala haya naye hakushawishika, akatunga swali lake la matofali. Binti alijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka kupimwa. Mwandishi alilihakiki jibu kwa kikokotoo cha simu, na lilikuwa sahihi.

Theodori hajaridhika. "Tusubiri tuone," anasema. Tajeu pia hajaridhika, ila kwa sababu yake. "Mwalimu akimsifu sana mtoto wa mtu, anataka nini?" anauliza. Amekubali binti abaki hadi muhula uishe, kisha ataamua.

Muda huo ndio Edda anaung'ang'ania. Baada ya vipindi anampa Seleina maswali ya darasa la saba, yasiyo na mifugo, na ana matumaini kwamba siku moja atachaguliwa kwenda sekondari ya vipaji maalumu.

"Watoto kama huyu tunawaadhibu kwanza, ndipo tunawauliza," anasema. "Inaniuma sana."

Kengele inalia. Edda anamwambia Seleina arudi kukaa katikati ya wenzake. Binti hainuki.

"Nikikaa pale nikapata zote, mwalimu, utasema nimeibia?"

Edda anakwenda hadi ukutani.

"Sitasema," anasema, na kushika upande mmoja wa dawati.

Seleina anamtazama kwanza, kama baba yake anavyotazama zizi jioni, kisha anashika upande wa pili.