Kidole cha Baba Chenye Masizi

Kahawa mbichi ikichemshwa pamoja na majani ya kunukia, ile ya kutafuna tunayowapa wageni, harufu yake hujaa nyumba nzima hadi kwenye nguo. Wajukuu zangu huipenda. Mimi nikiinusa hugeuka kwanza kutazama mlangoni. Wao husema bibi amezeeka, anasikia watu wasiokuwepo. Waache waseme. Huo ni woga, na ulinishika nikiwa na miaka kama kumi, kwetu Kagoma, enzi za Mwingereza, msimu ule Bi Aurelia alipokuja kumchukua dada yangu Koku.

Angekuja mtu wa kutisha tungemfukuza. Huyu alikuwa wa kwetu, Kihaya chake safi, ana mwavuli na viatu vyenye kisigino, na bado alipiga magoti kwenye nyasi zilizotandazwa sakafuni akamsalimia baba kama binti aliyelelewa vizuri. Alisema kuna mama tajiri huko Kampala anatafuta msichana wa kulea watoto, na atamfundisha cherehani. Jirani yetu alikuwa amekwisha kumkubalia kumtoa binti yake, Eliza, na huko ndiko Bi Aurelia alikofikia. Baba akamsogezea kikapu kidogo cha kahawa, wakatafuna pamoja. Hapo ndipo baba alipojifunga. Kwetu ukishatafuna kahawa na mtu ukampa neno lako, kulirudisha ni aibu ya ukoo mzima. Bi Aurelia akatoa karatasi, akasema ni ya kazi tu, baba aweke kidole. Wino hakuna. Nikatumwa jikoni kukwangua masizi ya chungu.

Sasa nijisifu kidogo, maana hakuna mwingine wa kunisifu kwa hili. Katika nyumba yetu ni mimi peke yangu niliyejua kusoma. Shule sikuipata. Lakini mke wa mwinjilisti, tuliyemwita Ma Damari, kila akitoka shambani alikuwa akitukusanya wasichana barazani kwake na kutufundisha herufi kwa mkaa kwenye kibao. Hakuna aliyemtuma wala aliyempa chochote, na wanaume walimcheka kwamba anawafundisha kuku kuogelea. Alikuwa akituambia, "Karatasi yoyote inayokutaja wewe, isome wewe. Ukishindwa, niletee mimi." Basi nilipopiga magoti nimeshika kigae cha masizi, wakati baba anabonyeza kidole, macho yangu yakaanza kuokota herufi. Nimemwoza. Binti yangu. Awe mke wa. Halafu jina la mwanamume ambalo sikuwahi kulisikia.

Mtoto kusema mbele ya mgeni lilikuwa jambo la fimbo, nami nikaendelea kushika kigae. Bi Aurelia alinitazama muda mrefu kidogo, akakunja karatasi yake, akaniuliza kwa upole, "Mdogo wangu, unajua kusoma?" Nikatikisa kichwa kukataa. Asubuhi nikamwambia Koku. Akacheka hadi akashika mbavu. "Wivu huo! Wewe baki na jembe lako, mimi nikirudi nitakuletea kitambaa." Lori la kahawa ambalo wangepanda kwenda Bukoba, kwenye meli, lilikuwa linakuja kesho yake alfajiri.

Nikakimbilia kwa Ma Damari. Hakuniuliza mara mbili. Jioni ile Bi Aurelia akiwa kwetu anamzoesha Koku viatu, Ma Damari aliingia na wanawake watatu wa kanisa, majembe mabegani, wakayaweka mlangoni na kuketi.

"Waitu, mzee wetu, tumekuja kusikia habari njema," Ma Damari akamwambia baba kwa heshima zote. "Hiyo karatasi tusomewe, tufurahi pamoja."

"Nimekwisha kutafuna naye kahawa," baba akasema. "Neno langu limetoka."

"Neno lako lipi, nawe hulijui? Mwache mtoto asome."

Bi Aurelia akaukumbatia mkoba wake. Baba akanyoosha mkono, ukabaki hewani mpaka akapewa. Nikasoma silabi moja moja, sauti inakatika kama ya mbuzi. Nilipofika kwenye neno mke, mama alisimama, akakiondoa kikapu cha kahawa mbele ya mgeni. Sijaona tena mwanamke wa kwetu akifanya hivyo. Koku akavua viatu. Baba alikitazama kidole chake, bado cheusi kwenye kucha, akakisugua kwenye nyasi, akasugua, akasugua.

Bi Aurelia akatoka bila kuaga, akashika barabara. Ma Damari akanisukuma: "Pita migombani, umtangulie kwa kina Eliza. Waambie wasimpe mtoto, tunakuja nyuma yako." Nikakimbia. Katikati ya migomba nikasikia visigino vyake upande wa pili wa ua, karibu kabisa, nikalala chini kifudifudi. Nilibaki pale hadi giza. Nikarudi nikakutana na Ma Damari njiani, nikasema nimewaambia, wamekubali. Akaniamini, akarudi kwake. Alfajiri nikasikia lori linapanda kilima.

Eliza hakurudi. Ma Damari na wenzake wakaanza kwenda Bukoba kila siku ya meli, wanasimama gatini wakimuuliza kila msichana wewe wa nani, unakwenda kwa nani, karatasi yako inasemaje. Nilipokua nikasimama nao miaka mingi. Watu walidhani nina moyo wa huruma. Nilikuwa namtafuta mtu mmoja.

Siku hizi meli si njia ya kina Bi Aurelia tena. Kazi ya Uarabuni inaingia kwenye simu na picha ya nyumba nzuri. Mjukuu wangu, Koku wa pili, huwakusanya wasichana kila Jumamosi barazani kwake Ijuganyondo, wanasoma ujumbe huo pamoja, neno kwa neno, bila malipo. Mimi hupewa kiti cha mbele niwasimulie jinsi nilivyomwokoa dada yangu. Hupiga makofi. Jumamosi iliyopita binti mmoja mwembamba aliuliza, "Bibi, na yule wa jirani?" Nikasema nimechoka. Ndiyo maana nimeandika haya. Jumamosi ijayo nitampa ayasome kwa sauti, nami nitakaa pale pale kwenye kiti cha mbele.