Milio Mitatu ya 068

Kabla simu za mkononi hazijatuharibia adabu, nyumbani kwetu Runyenjes kulikuwa na simu ya mezani, na sheria yake ilikuwa moja: Jumapili jioni haiguswi. Baba alikuwa mwalimu Kaaga, huko Meru. Kila Jumapili alirudi kazini, na akishafika alitafuta kibanda cha simu, akapiga 068 ya Embu kisha nambari yetu, ikalia mara tatu, akakata. Kuiinua kulikuwa kumlipisha bure. Mlio wenyewe ulimtosha Mama kujua kwamba mumewe amefika salama.

Jumapili moja gari alilopanda lilipinduka njiani. Simu haikulia. Mama alimzika na kumlilia, lakini kila Jumapili aliendelea kukaa kando ya simu ile, mikono mapajani. Alisema hawezi kuhama nyumba hii kabla Baba hajamjulisha kwamba amefika.

Miaka ikapita. Nyaya za shaba ziliibwa, nguzo zikawa kuni. Waya uliotoka ukutani kwetu uliishia uani, Mama akawa anaanikia nguo. Mwaka huu miguu yake ilipokataa kabisa mteremko wa shamba la chai, nilimsihi aje kwangu Kinoru, huko huko Meru. Nilisihi hadi nikakasirika, nikamwambia kwa ukali kwamba anasubiri kopo bovu.

Ndipo simu ikalia, mchana kweupe, mbele yangu. Mara tatu, ikanyamaza. Nilitoka mbio nikaushika ule waya uani. Ulikuwa na soksi mbili na haukwenda popote. Niliporudi ndani, Mama alikuwa anapanga nguo kwenye kiondo, uso umekunjuka. Alisema Baba amefika, basi twende.

Tulifika Kinoru jioni. Kabla hata ya chai, Mama akaniagiza nipige nyumbani niseme tumefika. Nyumbani kupi, na mlango niliufunga mwenyewe na ufunguo ninao mfukoni? Lakini nilipiga, ajionee. Nikabonyeza 068, kisha nambari yetu ya zamani, nikingoja ile sauti ya kike iniambie kwamba nambari hiyo haipo.

Ikaita. Ikaita tena. Ilipoita mara ya tatu, Mama aliniwekea mkono begani.

“Kata sasa, mwanangu. Ameshajua.”

Nilikata upesi. Upande wa pili, mtu alikuwa ameshaanza kuinua.