Siendi Dunguni

Kiangazi kimoja, miaka ile Wazungu walipolima karanga Nachingwea, nilianza kukohoa damu. Nilikuwa mama wa mtoto mmoja, naishi na mume wangu Nkowe, kwa mama yangu. Siku ya tatu nikatapika damu nyeusi, yenye mabonge.

Mama akanitengea bakuli langu peke yangu. Kisha akaja mjomba, kaka yake, ambaye kwetu neno lake halikuwa na rufaa.

"Hicho ni kifua kikuu," alisema. "Utahamia dunguni."

Dungu lilikuwa kibanda cha shambani cha kulindia mazao yasiliwe na nguruwe mwitu. Jirani yetu aliyekohoa alipelekwa huko, akafia huko.

"Mjomba, siendi."

"Unanijibu mimi?"

"Nakujibu. Wewe hujaniona kifuani. Nakwenda hospitali kwa wanaoweza kuona."

Mume wangu alitazama vidole vya miguu yake. Mtoto nilimwacha kwa mama, kwa hiari yangu, nisije nikamwambukiza. Nikaondoka na kibuyu cha maji na mihogo ya kuchoma. Nilitembea hadi Ruangwa, nikalala kwa mama mdogo, kesho yake nikashika njia ya Nachingwea. Damu ikija nakaa chini, nainuka.

Hospitalini, dresa, muuguzi mzee mwenye miwani, hakunikimbia.

"Nitakufa?" nilimwuliza.

"Sijui bado. Damu ina sababu nyingi: kifua kikuu, kichomi, vidonda vya tumbo. Mtu hapaswi kukaa nayo nyumbani akibahatisha. Maji mnachota wapi?"

"Dimbwini, bondeni. Kiangazi hakuna mengine."

"Mnayachuja?"

"Hapana."

Akanipanua kinywa, akanimulika kwa tochi kooni, akaita mwenzake. Wakaingiza koleo nyembamba. Nilitapatapa, machozi yakanitoka, kisha nikaona wanamvuta ruba, mdudu wa dimbwini anyonyaye damu, mweusi, amevimba kwa damu yangu. Tena damu niliyotapika ilikuwa hiyohiyo ya kooni, niliyokuwa nikiimeza.

Walinipima na kifua pia. Kilikuwa kizima.

Nilipofika nyumbani mjomba alisema, "Umebahatika, mwanangu."

"Sikubahatika, Mjomba. Nilikwenda."

Alikasirika, hakuja kwetu hadi mvua za kwanza. Nami nilikuwa nimeanza kuchuja maji kwa kitambaa na kuyachemsha, wanawake wakinicheka. Mwaka uliofuata mmoja wao akakohoa damu. Nilimshika mkono tukaenda wote Nachingwea. Yeye walimkuta na kifua kikuu kweli, akalazwa, akachomwa sindano miezi mingi. Alirudi kwake kwa miguu yake, amenenepa.