Mgiriki Aliyehamia Ukweni

Hadi leo wapo watu hapa Mingoyo wanaosema Mgiriki alimweka mama yangu kinyumba. Wanasema kusudi nisikie. Nami huwajibu papo hapo: kwanza ulizeni nani alihamia kwa nani!

Baba alikuwa injinia wa mitambo kwenye shamba la mkonge la hapa Mingoyo. Alitoka Ugiriki angali kijana, akamposa mama kwa wazee wake Milola, mahari ikapokelewa, wakatuzaa watatu. Mimi ndiye wa kwanza. Tulikaa kilimani, kwenye nyumba za Wazungu wa shamba, tukipita mlango wa mbele.

Nilikuwa na miaka tisa alipokuja meneja mpya, Mwingereza. Alipanda barazani bila kumsalimu mama, akamwambia baba kwamba mwanamke huyu na watoto wake wahamie kambini kwa vibarua, la sivyo kazi hana. Mama akaanza kukunja mikeka. Mimi nililia kwa hasira, maana nilijua baba atatuacha. Wazungu wengine walikwisha kuwaacha watoto wao, nami nilikuwa nacheza nao.

Meneja alipoondoka, baba akamgeukia mama.

"Mke wangu, kwenu mume hukaa wapi?"

"Kwa mama mkwe. Analima."

"Basi twende tukalime."

Kwetu Wamwera ndivyo ilivyokuwa, mume humfuata mke, na kwanza huwalimia wakwe. Lakini Mzungu! Milola nzima ilitoka kumtazama. Bibi, mama yake mama, hakumwonea haya hata kidogo.

"Shikamoo, mama," baba akasema.

"Marahaba. Jembe lile pale. Palilia mpaka kwenye kichuguu."

Alipalilia kwa bidii mno, akang'oa na karanga zote akidhani ni magugu. Wajomba zangu walicheka mpaka wakakaa chini. Bibi alimfokea kama anavyomfokea mkwe yeyote, kisha akampa ngwe nyingine. Viganja vilimchubuka, lakini usiku alilala nasi, na mimi sikulia tena.

Huku nyuma, kule Mingoyo, korona, mashine ya kusaga majani ya mkonge ili kutoa nyuzi, ikagoma. Waliijaribu mafundi wote, wapi! Mkonge uliokatwa ukaoza. Mwisho meneja akaja Milola mwenyewe, akasimama pembeni mwa shamba na viatu vyake vinavyong'aa. Baba hakuinua hata kichwa.

"Muombe mama mkwe," akasema. "Leo niko kwenye kazi yake."

Bibi akasema amalize ngwe kwanza. Basi meneja akasubiri juani, hakupewa hata kigoda. Nilifurahi, sitaficha.

Ngwe ilipokwisha, meneja akasema turudi sote kilimani, mke na watoto pia. Hapo mama akasimama.

"Mume wangu atakuja kukutengenezea mashine yako. Nyumba yako kaa nayo. Mimi najenga yangu."

Baba alimtafsiria neno kwa neno, bila kulainisha.

Mama alijenga hapa Mingoyo, kiwanja chake, kwa jina lake. Na kila jioni, mpaka tulipomzika baba kule Milola katika makaburi ya ukoo wetu, injinia alishuka kutoka kazini kwa baiskeli, akasimama mlangoni na grisi yake mikononi, akapiga hodi, akangoja mama aseme karibu.