Kila Asubuhi Bibi Anaanza Upya Kuumwa

Jina la Mwalimu Vizibo alipewa na wauza soda wa mtaani, kwa sababu kila jioni akitoka shuleni alipita kwenye vibanda vyao akiokota vizibo vya chupa na kuvitia mkobani. Watoto wa darasa la kwanza walivitumia kuhesabia. Muhula huu hakuokota hata kimoja. Alipita palepale, aliviona vimetapakaa miguuni mwake, na mkono haukushuka.

Mama yake alikuwa amefariki wiki saba zilizopita. Watu wakimuuliza hali alijibu, "Niko salama," na ajabu ni kwamba hakuona kama anadanganya. Moyo wake ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi: ukiugusa, unaona umegusa mguu wa mtu mwingine.

Siku ile aliingia wodini na chupa ya chai mkononi, akakuta kitanda cha mama kimetandikwa. Shuka lilikuwa limenyooshwa, pembe zimekunjwa vizuri.

"Mama yangu yuko wapi?"

Nesi hakumtazama. "Hebu subiri nje kidogo."

Alisubiri nje kidogo. Kisha akaambiwa. Chupa ya chai alirudi nayo nyumbani ikiwa imejaa, akaiweka juu ya kabati la jikoni, na hapo ikakaa. Mdogo wake wa kiume, aliyekuwa akiishi naye, aliinyooshea mkono mara moja tu.

"Iache," alisema. Mdogo wake akaiacha.

Kazini alirudi baada ya siku kumi. Darasa lake lilikuwa tofauti na mengine: mwaka uliopita aliomba nusu ya madawati yatolewe, na kwenye nafasi iliyobaki akatengeneza kona za kuchezea. Kulikuwa na duka la makopo matupu, jiko la maboksi, na hospitali, ambayo ilikuwa na kitanda kimoja cha mbao na mgonjwa mmoja. Mgonjwa alikuwa mwanasesere wa soksi kuukuu mwenye nywele za pamba, na kwa sababu ya nywele hizo watoto walimwita Bibi.

Wazazi hawakulipenda jambo hili. "Namuuliza mwanangu leo umesoma nini," mama mmoja alilalamika getini, "ananijibu, mama, nimemchoma Bibi sindano! Mimi nimemleta hapa awe nesi?"

"Na sindano yenyewe anaijua?" baba mmoja akadakia. "Wangu amenichoma na penseli, mpaka leo nakaa upande mmoja."

Walicheka, lakini walikwenda ofisini kulalamika. Mwalimu mkuu akamwita Mwalimu Vizibo.

"Mwalimu, pole tena kwa msiba. Sasa, hospitali ya kweli iko hapo barabarani. Mimi nahitaji shule. Alhamisi anakuja mkaguzi. Asipoona watoto wanajifunza, Jumatatu madawati yanarudi na makopo yako yanakwenda jalalani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Miezi michache nyuma angepigania kona zake mpaka sauti ikauke. Sasa alisikia maneno hayo kama tangazo la redio ya jirani. Alijua kwamba kona hizo ndicho kitu pekee alichowahi kukianzisha mwenyewe katika miaka kumi na moja ya ualimu. Alijua pia kwamba angepaswa kuogopa.

Jumatatu ya wiki hiyo ya ukaguzi, kengele ya mwisho ilipolia, alifanya kama alivyofanya kila siku tangu arudi. Alikusanya makopo, akamtoa Bibi kitandani, akamtia kwenye boksi, akalinyoosha shuka na kukunja pembe. Zamani hakuwa na tabia hiyo. Aligeuka akamkuta mlangoni msichana mdogo asiye na meno mawili ya mbele, ambaye darasa zima lilimwita Daktari kwa sababu hakukubali cheo kingine.

"Mwalimu, mbona unamtoa?"

"Ninapanga darasa. Kesho mtacheza tena."

"Lakini ukimtoa hatuendelei. Kila asubuhi Bibi anaanza upya kuumwa. Tunampokea, tunampima, kengele inalia. Hajapona hata siku moja!"

Mwalimu alitazama kitanda. Kilikuwa kimetandikwa vizuri sana. Akafungua boksi, akamrudisha Bibi, na kumfunika ovyo.

"Haya. Leo analala hapa."

Kuanzia hapo mchezo ulitembea. Jumatatu ile ile, kabla ya kwenda nyumbani, Daktari alimpa Bibi vidonge viwili, yaani vizibo viwili. Jumanne alipewa vitatu, kwa kuwa homa ilipanda. Mtoto mmoja alitengeneza kadi ya mgonjwa akaandika joto, 38, ile tatu ikiwa imegeukia nyuma. Jumatano kulitokea ugomvi mkali kuhusu dozi, wakakubaliana kidonge kimoja. Watoto ambao mwezi mzima walikataa kushika penseli waligombania kuandika kwenye kadi. Mwalimu aliyaona yote, akayaandika kwenye daftari lake la maandalizi kwa mwandiko mzuri, bila furaha na bila huzuni.

Alhamisi alfajiri mwalimu mkuu alimwagiza mhudumu wa usafi ayapitie madarasa yote. Mhudumu hakufanya mchezo. Mwalimu alipoingia na watoto nyuma yake, sakafu ilikuwa inang'aa, kadi haikuwepo, na kitanda cha hospitali kilikuwa kitupu, shuka limenyooshwa, pembe zimekunjwa. Mkaguzi, mama mnene mwenye miwani, alikuwa ameshakaa karibu na dirisha kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimfika kifuani. Mwalimu mkuu alisimama pembeni yake.

Daktari alikwenda moja kwa moja kitandani, akageuka.

"Mwalimu, Bibi yuko wapi?"

Mwalimu alifungua mdomo, na maneno yakatoka yenyewe. "Hebu subirini nje kidogo."

Watoto walitazamana, kisha wakatoka wote, kimya, kama walivyofundishwa. Mlango ukafungwa. Mwalimu mkuu alikohoa. Mkaguzi aliandika kitu. Mwalimu alibaki akiutazama mlango, na nyuma ya mlango huo alijua wamesimama vipi, maana na yeye aliwahi kusimama hivyo.

Alikwenda kwenye kabati, akafungua boksi moja, jingine, na la tatu. Bibi alikuwa chini ya makopo, kichwa chini miguu juu. Alimchukua mkononi, akafungua mlango.

"Bibi ametolewa kitandani bila ninyi kuambiwa," aliwaambia. "Hilo ni kosa. Mlipaswa kuambiwa mara moja. Yuko hapa."

Daktari alimpokea, akaweka sikio kifuani pa soksi. "Anapumua. Lakini kadi imepotea. Tutajuaje amemeza dawa ngapi?"

"Mbili Jumatatu!" mmoja akapaza sauti.

"Jumanne tatu, jana moja, mimi ndiye niliyempa!"

Wakachuchumaa sakafuni wakavipanga vizibo: viwili, vitatu, kimoja. Wakavihesabu kwa vidole, wakakosea, wakahesabu tena. Sita.

"Dozi nzima ni ngapi?" mkaguzi akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Kumi," Daktari akasema.

"Basi zimebaki?"

Vidole vikafanya kazi. "Nne. Lakini usimpe zote leo, mama, utamuua."

Mkaguzi hakucheka. Aliandika ukurasa mzima, kisha akamwambia mwalimu mkuu, "Kona zibaki. Na hiki kitanda nani alikitandika?"

Mwalimu mkuu akainua macho darini. "Usafi tu, mama. Usafi tu."

Mchana, wakati wa kutoka, Daktari alimvuta mwalimu mkono. "Bibi hajawahi kupata mtu wa kuja kumwona. Wewe ni mtoto wake. Kesho uje na chai."

Jioni mwalimu aliishusha chupa kutoka juu ya kabati. Alipoifungua, mdogo wake alikimbilia dirishani huku ameziba pua.

"Dada! Hiyo si chai tena, hiyo ni mbolea!"

Aliimwaga, akaiosha mara tatu kwa maji ya moto na sabuni. Mdogo wake akachukua kitambaa, akaikausha.

Ijumaa, darasa lilipoanza kucheza, alisimama ukingoni mwa kona akiwa na chupa tupu mkononi. Daktari alimkazia macho.

"Umechelewa. Muda wa kuona wagonjwa umekwisha."

Mwalimu hakuondoka.

"Haya, ingia tu. Ameulizia habari zako."

Alikaa kando ya kitanda. Shuka lilikuwa limekunjamana. Daktari akamkabidhi kizibo kimoja kiwe kikombe. Mkono wa mwalimu ulikuwa bado kama wa mtu mwingine, lakini uliinamisha chupa polepole, ukakijaza kikombe, na haukumwaga.