Mfereji wa Kukausha Bahari

Juzi, dukani Makambako, nilifungiwa sukari kwa kipande cha gazeti chenye picha ya meli ya vita. Maelezo yalisema kuwa nchi moja isiyotaka vita iliingia vitani baada ya meli zake kuzamishwa. Kusoma nimejifunza mwenyewe, na huogopa kuelewa vibaya, kwa hiyo nikarudia tena na tena.

Ndipo harufu ya tope jeusi la bondeni ikanirudia. Mchana mmoja nilipokuwa mtoto, kwetu Njombe, mama na mimi tulikuwa tukilima vinyungu, bustani zetu za kiangazi, mama akikata mfereji wa kutoa maji. Baba mdogo akateremka, kofia mkononi.

"Shemeji, meli iliyompeleka kaka vitani imezamishwa. Naye amebaki baharini."

Mama hakuinua kichwa. Jembe lake likaendelea kupiga majini, chwa, chwa.

Mimi nilifurahi kidogo, kwa sababu sasa tulijua baba alipo.

"Tukate mfereji," nikasema. "Maji yakitoka tutamchukua."

"Bahari ndiyo iko chini kabisa, mwanangu," baba mdogo akasema. "Maji yatakwenda wapi?"

"Na ugomvi ulikuwa wa nani?" nikamuuliza.

Alimtazama mama kwanza. "Wa Wazungu."

Nilichimba mfereji wangu hata hivyo, mpaka baridi ikaingia bondeni, na mama hakunikataza.

Pale dukani niliikunja ile karatasi polepole. Wale wa gazetini waliingia vitani kwa sababu ya meli zao. Sisi hatukuwa na meli.